Bunduki Nne Bila Kanga Hata Mmoja

Niseme mapema ili mtu asinipe sifa zisizo zangu: sikuwa mwindaji. Nilikuwa na bunduki nne nzuri, nzuri kuliko za wengi wanaojiita wawindaji, na kwa zaidi ya miaka kumi hakuna hata ndege mmoja aliyeumia kwa sababu yangu. Karatasi nimeziua nyingi, zile za duara tunazolenga kwenye uwanja wa mazoezi ili mtu wa leseni aridhike kwamba hutajipiga mguu. Zaidi ya hapo bunduki zangu zilikaa ndani ya kabati la chuma chumbani kwangu, hapa Noonkopir, mjini Kitengela, na kila Jumapili baada ya kanisa nilizitoa, nikazipaka mafuta, nikazifuta kwa kitambaa laini, nikazirudisha.

Nilizipenda, na sioni haya kusema hivyo. Moja ilikuwa ya marisau, mitutu yake miwili imelala ubavu kwa ubavu, na mbao ya kitako chake ilikuwa na mawimbi ya kahawia na nyeusi ambayo ningeweza kuyatazama mpaka chai ipoe. Hiyo niliiita Sambu, jina tunalompa ng'ombe mwenye mabaka. Ya pili ilikuwa ya risasi, ya kuwindia wanyama wakubwa enzi ambazo uwindaji huo uliruhusiwa nchini. Niliinunua kwa mfugaji mmoja aliyekuwa anafunga ranchi yake na kuhama. Hiyo ilikuwa Narok, yaani nyeusi kwa Kimaa, kwa sababu ya rangi yake. Ya tatu, ya kijivu, ilikuwa Ngiro. Ya nne ilikuwa ndogo na sikuipa jina, lakini nilijua kila mkwaruzo wake. Mke wangu alikuwa akinisikia nikizitaja moja moja, anasema nimefungua boma chumbani.

Hakukosea. Mimi ni Mmaasai wa Isinya. Nilifanya kazi ya mifugo serikalini mpaka nikastaafu, na sasa niko na duka la dawa za ng'ombe mjini. Kwetu mtu mwenye kundi halichinji ovyo. Analitazama jioni likirudi, anamwita huyu kwa jina, anamkumbuka yule mama yake alikuwa nani, na moyo unatulia. Bunduki kwangu zilikuwa kundi la namna hiyo, tena lisilokufa kwa ukame.

Sasa jirani yangu. Huyu ni Mkikuyu, ana duka la vifaa vya ujenzi, na ploti anayokaa alinunua kwa baba yangu wakati ambapo hapa palikuwa majani matupu na nyumba chache za mabati. Tumekaa ukuta kwa ukuta tangu watoto wetu wakiwa wa kubebwa. Baba yangu alipofariki, ni yeye aliyeleta turubai, viti na tangi la maji Isinya, na hakutaka kusikia habari ya kulipwa. Yeye alikuwa na bunduki moja tu ya marisau. Kitako chake kilipasuka zamani, akakifunga kwa ile tepu nyeusi ya mafundi wa stima aliyoitoa kwenye rafu yake mwenyewe. Niliwahi kumwambia kwamba nikiiona naumwa na jino.

Lakini bunduki hiyo mbovu ilikuwa inatembea. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku zamani sana, ila kuna ndege wachache wa porini wanaoruhusiwa kwa leseni msimu wao ukifunguliwa, na jirani yangu hakuwahi kukosa msimu. Alikuwa anakwenda upande wa Loitokitok na hema lake, anakaa siku mbili tatu, anarudi amechomwa na jua, na kwenye sanduku la barafu ana kanga na kwale. Kila mara alimletea mke wangu kanga mmoja. Mke wangu alimpika na viazi, akala na watoto, na mimi nikasingizia tumbo.

Na kila mwaka aliniuliza kama nitakwenda naye. Na kila mwaka nilikuwa nimenunua bunduki, au nalipia bunduki, au nalipia leseni za bunduki, kwa hiyo mfuko ulikuwa mtupu. Hilo lilikuwa kweli kwa kiasi chake. Bei ya Ngiro peke yake ingenipeleka Loitokitok misimu mingi na kunirudisha nimenenepa.

"Wewe unanunua tu sufuria," aliniambia siku moja, "na hupiki."

Nilicheka. Sababu yenyewe sikumwambia yeye, wala mke wangu, wala mtu mwingine yeyote, maana ni ndogo kiasi kwamba mtu mzima anaona aibu kuitamka.

Kwa Kimaa kuna neno, Oltorroboni. Ni jina la watu wa msituni, watu wanaojua asali, dawa na nyayo za wanyama, na sasa kwa umri wangu najua ni watu wenye heshima zao. Lakini mdomoni mwa baba yangu lilikuwa tusi. Maana yake ilikuwa mtu asiye na ng'ombe hata mmoja, fukara anayekula kile porini kimempa. Nilipoanza kazi, kijana mwenye mshahara, nilikula kwale na wenzangu kambini. Nikaja nyumbani nikasimulia nikidhani nitachekesha watu. Baba akachukua kikombe nilichokuwa nimenywea chai, akamwaga iliyobaki, akakiweka pembeni peke yake nje ya mlango. Akasema, "Kumbe nimezaa Oltorroboni." Watu wa boma wakacheka wiki nzima.

Kicheko hicho sikukisahau. Na angalia maajabu: niliponunua bunduki ya kwanza, baba huyo huyo aliwaita wazee wenzake waje kuiona. Waliishika, wakaipima uzito, wakamsifu. Kumiliki bunduki ilikuwa mali. Kuitumia kupata nyama ilikuwa njaa. Basi nikawa mtu wa kumiliki. Baba alifariki nami nikaendelea tu, kama anayeendelea kumkwepa mbwa ambaye alikufa zamani.

Mwaka huu jirani alikuja dukani kwangu msimu ulipokaribia. Hakukaa. Alisimama mlangoni akiwa na funguo mkononi.

"Nakuuliza mara ya mwisho," akasema. "Ukikataa, mwaka ujao sitakuuliza. Na hatutakosana. Nitajua tu."

Mtu wa Kitengela akikuambia hatutakosana, ujue mmeshaanza. Niliogopa. Nilijiona nikizeeka upande huu wa ukuta, naye upande ule, tukisalimiana kwa honi ya gari. Nikamwambia nitakwenda. Nikampa mkono. Nikatenga pesa kabisa, nikaziweka ndani ya Biblia ambamo mke wangu hangezigusa, na kwa siku kadhaa nilikuwa na raha ya mtu aliyeamua jambo.

Kisha mzee mmoja mstaafu wa Kajiado akanipigia simu. Alikuwa anauza bunduki ya marisau ya marehemu baba yake, ya mitutu miwili, na kwenye chuma chake, akasema, kumechongwa ndege wawili wanaruka kutoka kwenye nyasi. Bunduki haiuzwi kama mbuzi, kuna leseni na muhuri na kungoja, lakini alitaka amana, na alitaka nije Jumamosi kwa sababu Jumapili angekuja mtu mwingine. Jumamosi ndiyo siku tuliyopanga kutoka.

Ningeweza kusema hapana. Badala yake, Ijumaa jioni nilikwenda kwa jirani. Alikuwa anapima misumari.

"Mama hayuko sawa," nikamwambia. "Amelala tangu jana. Kesho lazima niende Isinya."

Akaacha misumari kwenye mizani. "Mama ako na nini?"

"Kifua," nikasema. Kisha nikaona kifua peke yake hakitoshi. "Na miguu."

"Basi hakuna mtu anaenda mahali. Hao kanga watangoja."

"Wewe enda, bwana. Umelipia siku zako."

"Niende kufurahi na mama ni mgonjwa? Kwani unanionaje?"

Nilitoka pale nikijiona mwizi, na jambo linaloniaibisha zaidi ni kwamba usiku huo nililala vizuri.

Kosa langu lilikuwa la kijinga, na nashangaa nililifanyaje mimi niliyezaliwa hapa. Kwetu ukimtaja mgonjwa umealika watu. Hakuna anayesikia kwamba mama wa jirani amelala kisha akakaa kwake kungoja habari. Atanunua sukari, atanunua majani ya chai, atakwenda. Na jirani yangu alikuwa anaijua njia ya kwetu tangu matanga ya baba.

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa Kajiado, sebuleni kwa yule mzee. Bunduki ilikuwa mezani juu ya taulo. Sitadanganya, ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Wale ndege wawili walichongwa kwa ufundi mpaka manyoya ya shingo yalionekana. Nilipitisha kidole juu yao.

"Wewe huwinda wapi?" mzee akaniuliza.

"Huko Loitokitok," nikasema. Uongo wa pili huwa mwepesi sana.

Simu ikalia. Ilikuwa ya jirani. Nikafikiria nisiishike, kisha nikaishika nikitengeneza sauti ya mtu aliye kando ya kitanda cha mgonjwa.

"Uko wapi?" akasema. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na mtoto analia. "Niko na mama yako hapa hospitali, Kajiado. Kuja."

Simu ikakatika. Nilipompigia hakupatikana.

Sijui nilimuaga yule mzee au la. Najua nilikuwa barabarani nikisimamisha pikipiki, na yule mwendeshaji aliponiuliza naenda wapi ilibidi aniulize tena ndipo nikalitamka neno hospitali. Nilikuwa nimesema kifua. Nilikuwa nimesema miguu. Nilikuwa nimemtengenezea mama yangu ugonjwa kwa mdomo wangu, kwa ajili ya ndege wawili wa chuma, nao umekuja kumchukua. Mama ana miaka mingi. Hata hesabu yake hatuijui sawasawa. Njiani nilimwambia Mungu kwamba nitauza zote. Sikuwa nimepiga magoti, nilikuwa nimeshika shati la mtu nisiyemjua, lakini nilimaanisha.

Niliwakuta kwenye benchi la nje, kivulini. Mama alikuwa ameketi wima, amejifunga shuka jipya jekundu ambalo sikulijua, anakunywa soda kwa mrija. Jirani alikuwa kando yake anatazama funguo za gari.

Niliinamisha kichwa mbele ya mama aniguse kama inavyopasa mtoto, na nilipoinamisha nikashindwa kuinuka, nikabaki pale chini nimeshika miguu yake ile niliyoisingizia. Ilikuwa imevaa viatu vya kanisani. Nililia. Nilifarijika mpaka nikalia, na watu waliokuwa wanapita wakadhani tumefiwa, mama mmoja akaniambia pole.

"Inuka," mama akaniambia kwa Kimaa. "Unanimwagia soda."

Alinisimulia yeye mwenyewe, bila haraka. Asubuhi alikuwa jikoni, amechutama motoni, akasikia gari. Akachungulia, akamwona jirani yangu anashuka na sukari, na shuka, na uso wa mtu anayekuja matanga. Akasikia anamwuliza msichana wa nyumbani, "Mgonjwa ako wapi?" Papo hapo akajua mtoto wake amesema kitu. Hakujua ni kitu gani, lakini hakutaka niaibike. Akaingia ndani mbio, akalala, akajifunika, akaanza kuguna.

"Ningeguna kidogo, angekunywa chai, angeenda," mama akasema. "Lakini huyu akanishika kipaji cha uso. Akasema ninachemka. Mimi nimetoka motoni, ningekosaje kuchemka?"

Basi jirani akambeba. Mama alikataa kwa sauti ndogo, sauti ya mgonjwa, na kadiri alivyoifanya ndogo ndivyo jirani alivyozidi kukimbiza gari. Isitoshe, akakiri, ulikuwa muda mrefu hajaiona Kajiado. Aliendelea kuumwa vizuri kabisa mpaka alipofika mbele ya daktari, na daktari akamwuliza panauma wapi.

"Nikatafuta mahali pa kuuma," mama akasema, "nikakosa."

Kufika hapo alikuwa ameshamweleza jirani ukweli kwa Kiswahili chake. Mimi nilikuwa sijathubutu kumtazama. Sasa nikamtazama.

"Presha yake ni ya msichana," jirani akasema. "Mimi ndio wamenipima wakaniambia nipunguze chumvi." Hakuwa anacheka. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa Kajiado. Kuona bunduki."

"Ya tano?"

"Ya tano."

Akatikisa kichwa taratibu. "Sawa. Sitaki maneno mingi. Niambie ukweli mara moja tu. Kwa nini hutaki kuenda na mimi?"

Ningeweza kuanza tena na habari ya pesa. Lakini nilikuwa nimechoka, na mama yangu alikuwa mzima, na mtu aliyetoka kurudishiwa mama yake hana nguvu ya kutunga. Nikamwambia. Nikamwambia neno lenyewe, na maana yake, na kikombe kilichowekwa nje ya mlango. Nilikuwa namwambia yeye kwa Kiswahili, lakini mama alilisikia neno Oltorroboni katikati, akaacha soda.

"Nani amekuita hivyo?" akauliza.

"Baba. Zamani."

Mama akauliza kama nakumbuka ule ukame mkubwa, nilipokuwa mdogo, ng'ombe walipoisha na baba akaenda mbali kutafuta majani na wachache waliobaki. Nikasema nakumbuka supu. Tulikuwa tunakunywa supu chungu, nyeusi kwa magome ya miti, na mama alikuwa anatuambia ni ya mbuzi na imetiwa dawa ya kutupa nguvu.

"Mbuzi gani?" mama akasema. "Uliona mbuzi?"

Bibi yake mzaa mama alikuwa wa watu hao wa msituni. Ndiye aliyemfundisha kutega kitanzi cha uzi wa katani kando ya maji, mahali kanga wanapokuja kunywa asubuhi. Katika ukame ule mama alikuwa anaamka kabla yetu, anatega, ananyonyoa mbali na nyumba, anafukia manyoya, na magome aliyatia mengi ili tusiitambue ladha. Sisi watoto wote tulivuka mwaka ule kwa kanga. Nimekula kanga wengi kuliko jirani yangu, na sikuwa na leseni.

"Baba alijua?" nikauliza.

"Alirudi siku moja amekonda, akanywa bakuli mbili. Mfupa wa kanga haufanani na wa mbuzi, hata gizani. Alinyamaza, na mimi nikanyamaza. Ulipokuja na habari zako za kwale ulimkumbusha. Aliona haya." Akarudisha mrija mdomoni. "Alikuwa mtu mzuri, lakini siku ile na kikombe nilimkasirikia."

Nilimtafsiria jirani yote hayo, kuanzia kitanzi mpaka bakuli mbili. Alisikiliza akinitazama mdomo, kama anayehakikisha sipunguzi kitu.

"Ni hiyo tu?" akaniuliza.

"Ni hiyo tu."

"Hakuna ingine?"

"Ingine gani? Hakuna."

Akajifuta uso kwa mikono miwili, akavuta pumzi ndefu, na alipoiachia alionekana mwepesi, kama mtu aliyetua gunia la simiti. Sikuelewa. Nilidhani ni mama ndiye aliyekuwa amemtia wasiwasi. Akaenda kununua soda mbili, tukanywa pale pale benchini sisi watatu, na alipomrudisha mama Isinya mimi nilikaa kiti cha nyuma bila kuambiwa.

Jioni nilimpigia yule mzee wa bunduki, nikamwomba radhi kwa kukimbia, nikamwambia sitanunua. Nilitarajia kuumia. Nilipoweka simu chini nikasikia njaa, nikala ugali na maziwa, nikamwomba mke wangu aniongeze. Wiki zilizofuata niliuza Narok, Ngiro na ile ndogo, kwa karatasi na mihuri inayotakiwa, na kila moja ilipotoka nyumbani nililala usingizi mzito zaidi. Sikuwa nimejua jinsi nilivyokuwa nazilinda. Sikuwa nimelala nje ya nyumba yangu kwa furaha hata mara moja tangu ninunue ya kwanza, kwa kufikiria kabati lile na mwizi asiyekuja. Nilibaki na Sambu, na Mungu anajua nilimwahidi zote, lakini nadhani naye anaelewa kwamba mtu haendi Loitokitok mikono mitupu.

Tulikwenda kabla msimu haujafungwa. Tulifika alfajiri, giza likianza kuondoka, tukatembea kwenye nyasi zenye umande, na kwale wa kwanza aliporuka miguuni kwangu nilipiga kelele badala ya kupiga risasi. Kulenga karatasi hakukufundishi lolote, maana karatasi hairuki. Nilikosa, nikakosa tena, nikakosa mpaka jirani akakaa chini kwa kucheka. Sambu ilipata mkwaruzo mrefu wa mwiba kwenye ile mbao yake ya mawimbi, nikaugusa kwa kidole, nikaona sijali. Karibu na saa tatu nikampata kanga mmoja. Tulimchoma na chumvi kidogo kwa sababu ya presha ya mwenzangu. Nilitafuta ile ladha ya utotoni kwa makini na sikuipata; ilikuwa nyama ngumu tu, tamu, ya kutafuna kwa bidii.

Mchana, tukiwa tumerudi kwenye hema, walipita wachungaji wawili na mbuzi wao. Walinisalimia kwa Kimaa, nikawajibu, wakauliza za Isinya na bei ya dawa ya kupe, nikawapa chai. Walikaa kidogo wakaenda. Ndipo nikaona jirani hayupo. Alikuwa ameingia kwenye gari na kufunga mlango, kwenye jua lote lile.

"Unafanya nini huko?" nikamwuliza.

Akashuka taratibu. "Nimezoea. Nikiwaona huwa naingia gari. Sitaki mtu aulize ni nani huyu na bunduki hapa."

"Hakuna aliyeuliza."

"Najua." Akasimama pale akishika mlango. "Wewe ukikataa kila mwaka, nilidhani ni sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi. Watu wa kununua ploti. Nilidhani hutaki watu wenu wakuone ukitembea na mimi huku. Hapo Kitengela ni sawa, mji ni wa kila mtu. Lakini huku." Akanyoosha mkono kuelekea nyasi zote zile. "Nikasema nisikulazimishe."

Miaka yote ile nilikuwa naogopa kicheko cha wazee waliokwisha kufa, na upande wa pili wa ukuta mtu aliyenizikia baba alikuwa anajiuliza kama namwonea haya.

"Ilikuwa kikombe tu," nikamwambia. "Naapa."

"Uliniambia. Nimeamini siku ile ile."

Akaenda nyuma ya gari akatoa viti viwili vya kukunja. Kimoja kilikuwa kimechakaa, kitambaa chake kimeshonwa mara mbili. Cha pili kilikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani.

"Hiki ni cha nani?"

"Chako. Nimekibeba kila mwaka. Nilikuwa najiambia labda utabadilisha mawazo unifuate huku."

Nikaichana ile nailoni. Ilikuwa imekauka kwa miaka mingi ya jua ndani ya gari, ikakatika vipande vidogo vidogo, na ilibidi tuiname wote wawili tuviokote kimoja kimoja kwenye nyasi kabla ya kuketi, ili mbuzi wa wale wachungaji wasije wakavila.